Wadudu wa Ua wa Bibi

Wadudu wote wa visiwa vyetu nawajua kwa sura. Ndivyo nilivyomwambia mama asubuhi ile, alipokuta miche yake ya biringanya imetobolewa kama chujio.

"Wahalifu ni wale wadogo wa kijani walioko kwenye ua wa miti wa bibi," nikasema. "Leo naukata wote."

Bibi akaacha kufagia. Ua ule aliupanda mwenyewe alipoolewa.

"Ukate, mjukuu wangu. Ukimaliza, unikate na mimi."

Mama akamwita jirani yetu, mtaalamu wa wadudu. Tunamwita Shangazi Lenzi, maana lenzi haimtoki shingoni. Alimnasa mdudu mmoja wa ua, akanipa lenzi nimtazame. Jamani! Mabawa yake yalikuwa na mistari ya dhahabu, myembamba kuliko unywele.

"Zamani sana," akasema, "wadudu wachache kama huyu walipeperushwa na upepo hadi kisiwa kimoja. Vizazi vyao vikaenea visiwa vingine. Kila kundi likazoea mmea wake. Baada ya mamilioni ya miaka, wakawa aina tofauti. Huyu anaishi kwa mti huu tu. Ndugu yake wa kisiwa cha pili anategemea mti mwingine kabisa."

"Kwa hiyo huyu hali biringanya?" mama akauliza.

"Atatoboaje? Hana meno, ana mrija wa kufyonza. Ukikata ua huu, unamfuta na yeye."

Akageuza jani la biringanya. Chini yake, kidudu cheusi kikaruka.

"Huyu ndiye anayetafuna. Si wa hapa. Amekuja na mche kutoka kisiwa kingine. Nani ameuleta?"

"Labda upepo, Shangazi," nikasema haraka. "Si unapeperusha wadudu?"

"Upepo wa mamilioni ya miaka, mwanangu. Si wa wiki iliyopita."

Tukaokota vidudu kwa mkono, tukavitumbukiza kwenye maji ya sabuni. Miche tukaifunika kwa chandarua. Siku hizi kila mche mpya tunaukagua chini ya majani kwanza.

Baada ya wiki tatu mibiringanya ilichanua. Nikasimama kwenye ua, namsimulia jirani mwingine jinsi nilivyouokoa.

"Msimulie na ule mche uliokuja nao kutoka kisiwa cha pili," bibi akasema nyuma yangu. "Nilikuona ukiuchoma nyuma ya choo, Shangazi Lenzi alipoondoka tu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Mche gani, bibi?"

"Uliofungwa mizizi kwa soksi nyekundu."

Mama akachungulia kamba ya nguo. Soksi yangu nyekundu ilikuwa inaning'inia pale, peke yake.