Bosi Ametoka Kidogo

Fundi cherehani aliingiza mkono kwenye kapu la vipande vya vitambaa, akakuta pana joto, joto la mahali palipolaliwa. Akautoa haraka. Aliyekuwa akilala humo ni paka wake, Bosi, na Bosi alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba wiki iliyopita.

Paka yule alikuwa na maringo ya mwenye nyumba. Ili kumwita kula, fundi aligonga meza kwa mkasi, ko ko ko, naye akaja taratibu, kama vile yeye ndiye anayekufanyia hisani. Tangu mume wa fundi afariki, huyo ndiye aliyebaki wa kupiga naye soga. Sasa wateja walipomuulizia, fundi alijibu, "Bosi ametoka kidogo." Kusema amekufa, hakuweza. Kila mchana aliendelea kugonga mkasi na kuweka sahani, moyo ukimuuma vibaya sana.

Siku ile ya joto kapuni, alipogonga, kitu kilikuja kikamlalia mguuni, pale pale Bosi alipopapenda, na fundi akafumba macho akashona bila kutazama chini, machozi ya furaha yakimtiririka, ingawa harufu ya udongo mbichi ilimjaa puani, na ingawa siku zilizofuata kile kitu kilizidi kuwa kizito mpaka akashindwa kukanyaga pedeli.

Binti yake alipokuja kumsalimia, aliinama kuokota kibiringo cha uzi. Akainuka polepole, macho bado chini ya meza.

"Mama," alinong'ona, "usisogeze mguu."

"Ni Bosi tu, mwanangu."

"Bosi hakuwa na mikono, mama."

Mganga aliyeitwa alikataa kuvuka kizingiti. "Ulikuwa unamwita aliyekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye hasikii. Jini lililokuwa karibu ndilo lililoitika. Kaufukie huo mkasi kaburini kwake, na useme kwa kinywa chako kwamba amekufa. Usipofanya hivyo litapanda kifuani, na hapo mimi sina dawa."

Fundi alijikokota hadi nyuma ya nyumba, mguu mmoja ukiburuta mzigo usioonekana mchana kweupe, akafukia mkasi, akafungua kinywa, akasema, "Bosi ametoka..." na papo hapo uzito ukampanda gotini, ukapanda pajani, ukamshika kiuno kwa vidole vya baridi.

"Mama, sema!"

"Amekufa! Bosi wangu amekufa, na mimi sina mwingine!"

Uzito ukaondoka. Fundi akaanguka chini akalia kilio chote alichokuwa amekizuia, binti amemkumbatia.

Jioni walikaa wakinywa chai. Fundi alikuwa mwepesi, hata akacheka kidogo alipokumbuka maringo ya Bosi. Ndipo ikasikika kutoka nyuma ya nyumba, chini kwa chini, ko ko ko.

Binti akaweka kikombe. "Mama, usiende."

"Siendi," alijibu mama, taratibu, naye alikuwa ameshafika mlangoni.