Viatu Vilivyosuguliwa kwa Jiwe

Fundi viatu alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuweza kumtazama mtu usoni kabla ya kumtazama miguuni. Mkewe alimcheka kila siku.

"Siku ukikutana na rais, utaisalimia soli yake kwanza," alisema.

"Uso umejifunza kudanganya," fundi alijibu. "Soli haijasoma."

Kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyumba yao. Ndani mlinuka gundi na ngozi. Binti yao wa miaka kumi na miwili alikuwa mkimbiaji, na mtaa mzima ulimwita Upepo. Kwa hiyo wazazi nao wakawa Baba Upepo na Mama Upepo. Majina yao wenyewe yalikuwa kama yamesahaulika.

Kocha wa timu ya watoto alikuwa mteja mkubwa. Alileta viatu vya timu nzima kwenye gunia. Alilipa papo hapo na kumwita fundi "mzee wangu". Fundi alimpenda sana. "Kijana ana adabu yule," aliwaambia wateja wengine.

Alasiri moja Upepo alirudi kutoka mazoezini. Baba yake alitazama viatu, kama kawaida. Vilikuwa vichafu na vimechubuka. Akarudi kwenye kazi yake. Ghafla nyundo ikasimama hewani.

"Hebu njoo. Vua kimoja."

"Ni vya zamani tu, baba."

Fundi alikigeuza kiatu. Kiatu cha mkimbiaji huliwa chini, kisiginoni na penye vidole. Hiki kilikuwa kizima chini. Meno ya soli yalikuwa makali bado. Michubuko yote ilikuwa juu, imeelekea upande mmoja, kama sufuria iliyosuguliwa.

"Nani amekisugua kwa jiwe?"

Upepo aliuficha mguu wenye kiatu nyuma ya ule mwingine.

"Mwanangu, mimi ni baba yako, lakini pia ni fundi viatu. Hapa huwezi kunidanganya."

Upepo akaanza kulia. "Kocha alinipa. Akaniambia nivichafue ili usijue ni vipya. Alisema ni siri yetu."

Siri yetu! Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko sindano yoyote aliyowahi kuishika.

Mama Upepo alitoka jikoni mbio. Upepo alimwonyesha simu, ile ya mama yake aliyokuwa akiazimwa kwa kazi za shule. Kocha alikuwa akimtumia ujumbe. Mwanzoni ulikuwa wa mbio. Baadaye ukawa wa kumsifia. Kisha ukawa wa mambo ambayo mtu mzima hamwambii mtoto. Alimwomba picha za aibu, naye Upepo hakutuma. Ujumbe wa mwisho ulimtaka aende nyumbani kwa Kocha Jumamosi, peke yake, na aage kwao kwamba anakwenda mazoezini. Kila ujumbe uliishia na neno moja: futa.

"Nilifuta mwingi," Upepo alisema. "Halafu nikachoka kufuta."

"Lete hiyo simu!" mama alilia. "Tufute yote! Watu wakiona, watamsema vipi mwanangu?"

Fundi aliinuka. Alichukua nyundo yake na kutoka. Mlangoni alikutana uso kwa uso na Mama Pacha, jirani yao. Mama Pacha alikuwa ofisa wa ustawi wa jamii, na ndiyo kwanza alikuwa anatoka kazini.

"Baba Upepo, hiyo nyundo inakwenda kutengeneza kiatu cha nani?"

"Leo natengeneza kichwa!"

"Kichwa hakina soli. Rudi ndani, kaka, unieleze."

Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alichuchumaa mbele ya Upepo.

"Wewe hujakosa kitu, sawa? Umesema. Hilo ni jambo la kishujaa."

Akawageukia wazazi. "Mama Upepo, usifute hata nukta. Huo ni ushahidi. Na wewe fundi, ukimvunja kichwa, kesho wewe uko rumande na yeye yuko uwanjani na watoto wa wenzako."

"Lakini hajamgusa," mama alisema kwa sauti ndogo. "Tutamshtaki kwa lipi?"

"Kwa kumrubuni. Sheria haingoji mtoto aumizwe kwanza. Mtu mzima akimvuta mtoto kwa zawadi, kwa siri, kwa maneno machafu, ili ampate, huko kumvuta kwenyewe ni kosa la jinai. Kumpangia wakutane kwa nia hiyo ni kosa. Kumwomba picha za aibu ni kosa."

"Atasema mtoto alivipokea viatu mwenyewe," fundi alisema.

"Aseme! Hata mtoto angekubali mara mia, katika mambo haya mwenye kosa ni mkubwa. Sasa sikilizeni. Msimjibu. Msimwonye. Viatu viwekwe kwenye mfuko, na msivifute vumbi. Twende polisi sasa hivi, kwa maofisa wanaoshughulikia watoto. Mimi nitakaa na Upepo akihojiwa."

Kabla hawajatoka, akafika kaka mkubwa wa fundi. Alikuwa dereva wa lori, mwenye sauti kama honi. Aliposikia habari, alishika kiuno.

"Mdogo wangu, unataka kutuvua nguo barabarani? Tumwite huyo Kocha, atuombe radhi, yaishe nyumbani."

Tangu utoto, fundi hakuwahi kumjibu kaka yake. Siku hiyo alisimama.

"Kaka, nakuheshimu. Lakini yakiisha hapa, yataanza nyumba ya pili. Gunia lake lina viatu vya timu nzima. Kila kiatu ni cha mtoto wa mtu! Unasema aibu. Aibu hii si yangu, wala si ya binti yangu. Mwenyewe ataikuta polisi."

"Ukoo utasema..."

"Useme! Na mimi nitasema, kwa sauti kubwa kuliko honi ya lori lako!"

Kaka mtu alishusha mikono kutoka kiunoni. Kisha akatoa funguo mfukoni.

"Basi pandeni lori," alisema. "Kwa miguu mtachelewa."

Kocha alikamatwa jioni ile ile. Habari zilipoenea, wazazi wengine wawili walipeleka simu za watoto wao polisi. Lakini wapo waliomnunia fundi. Mteja mmoja alimwambia, "Umemharibia kijana wa watu maisha." Fundi alimrudishia kiatu chake bila kukishona. "Kipeleke kwingine. Uzi wangu una kazi."

Kesi ilisikilizwa faragha. Upepo alitoa ushahidi wake bila kumwona Kocha, na Mama Pacha alikaa karibu naye. Viatu viliwekwa mezani pamoja na ule ujumbe. Wakili wa Kocha alisema ilikuwa zawadi tu.

"Zawadi huvaliwa iking'aa," fundi aliiambia mahakama. "Hii kwa nini ilisuguliwa kwa jiwe?"

Wakili aliketi. Kocha alihukumiwa kifungo, akakatazwa kufanya kazi na watoto.

Timu ilipata kocha mpya, mwanamke. Siku ya kwanza aliwaita wazazi wote. "Ujumbe wangu utakuja kwenu, si kwa watoto," alisema. "Nikiomba siri na mtoto yeyote, nifukuzeni."

Mama Upepo bado alikuwa na hofu. "Mwanangu, si upumzike mbio kidogo, mpaka watu wasahau?"

Upepo alimkazia macho. "Akose yeye, halafu uwanja niache mimi?"

Fundi aliyasikia hayo akiwa kibandani. Aliinuka, akachagua ngozi nyekundu kuliko zote, akaanza kukata. Siku ya mashindano Upepo alivaa viatu vilivyoshonwa na baba yake. Vilionekana kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Baba Upepo, si vinang'aa mno?" mama alinong'ona.

"Mno kabisa," fundi alisema.

Pale kwenye mstari, Upepo aliona vumbi kwenye kiatu kimoja. Akatema mate kidoleni, akalifuta. Filimbi ikalia.