Toa Kumi

"Ngazi, rudi."

Amondi hakurudi. Aliibana pikipiki yake ya Boxer kwa magoti, akapenya kati ya mkokoteni wa mitungi ya maji na meza ya dagaa wa omena, akauacha mtaa wa Kianda nyuma yake.

"Ngazi, hapa Kilele. Kazi imekwisha. Nairobi imeshinda. Rudi."

"Brandon anaenda kumuua fundi."

"Fundi si wako."

Hilo ndilo lililomchoma.

Katika sikio la kushoto alikuwa na sauti ya mkuu wake. Katika la kulia alikuwa na Nzomo, fundi wa kuchomelea, akipiga mluzi kwenye karakana yake Kawangware bila habari yoyote. Mluzi huo ulitoka kwenye tepu ya kupimia, Stanley ya mita nane, iliyoning'inia kwenye mshipi wa Nzomo. Ndani yake mlikuwa na kinasa sauti kidogo kama punje ya mchele.

Amondi ndiye aliyempa. Zawadi.

Miezi minne alikuwa amekaa Kianda kwa jina la Everlyne, muuza mitumba, mlango kwa mlango na Nzomo na mkewe Kalekye. Alipougua, Kalekye alimletea uji siku tano mfululizo. Kitasa kilipovunjika, Nzomo alikitengeneza kabla hajaombwa.

Nzomo aliambiwa kwamba zile paipu kumi na nane alizokuwa akichomelea zilikuwa za bango la barabarani. Kwa kweli zilikuwa ncha ya jengo ambalo lingekuwa refu kuliko yote barani. Kazi hiyo ilipelekwa kwake makusudi, ili ifichike. Mji mwingine, ambao faili la kazi liliuita Mpinzani, ulikuwa ukijenga jengo lake, na ulitaka kujua kimo cha Nairobi ili uuzidi kwa mita moja tu.

Brandon ndiye aliyekuwa jicho la Mpinzani. Aliishi Nyayo Highrise, alivaa vizuri, na alijifanya mteja wa mageti. Kila wiki alipita karakana kusoma vipimo ambavyo Nzomo aliandika kwa chaki kwenye paipu. Nzomo mwenyewe alimfundisha kuvisoma. Tepu yake ya zamani ilikuwa imekatika mwanzoni, kwa hiyo alianza kupima kwenye sentimita ya kumi, akaandika namba alivyoiona.

"Hapa unatoa kumi, boss," alimwambia akicheka.

Jioni alisimulia mzaha huo wakila githeri. Amondi alicheka pamoja nao. Akapata silaha yake.

Kilele alitaka Nzomo akamatwe na karakana ifungwe. Amondi alipendekeza tepu. Hakuna atakayeumia, alisema, na aliamini. Asubuhi ya kipimo cha mwisho alimpa Nzomo ile Stanley. Nzomo akapima paipu zote kuanzia sifuri. Saa ya chakula Brandon akaja, hakumkuta mtu, akapiga picha za chaki, akaenda kutoa kumi kwenye kila paipu.

Mita moja na sentimita themanini zikapotea kwenye hesabu yake.

Leo saa sita Mpinzani alipandisha kipande chake cha mwisho na kujitangazia ushindi. Saa tisa Nairobi ikasimamisha ncha. Ikamzidi kwa sentimita themanini.

Saa tisa na nusu Amondi alimwona Brandon akitoka Nyayo Highrise akiwa na bastola ya Glock kiunoni.

Ngong Road. Dagoretti Corner. Naivasha Road. Lori la mchanga liliziba njia, Amondi akapita ukingoni mwa mtaro.

Mluzi ukakoma.

"Fundi. Umenichezea."

"Niaje, boss. Geti yako nilikuwa..."

"Hiyo tepu. Ulibadilisha lini?"

"Hii? Nilipewa na jirani. Eve. Kwani iko na shida?"

Hata sasa alilitaja jina hilo kama mtu anayejivunia ndugu yake.

"Ngazi, ukiingia humo, Everlyne amekufa," Kilele alisema.

Amondi alichomoa kidude cha sikio la kushoto, akakitupa mtaroni.

Aliingia kwa nyuma, kwenye pengo la mabati. Nzomo alikuwa ameegemea mageti, mikono juu. Mtutu wa Glock ulikuwa hatua moja kutoka kifuani pake. Mashine ya kuchomelea ilikuwa inanguruma, waya wake umebanwa kwenye kipande cha chuma. Amondi aliokota kishikio chenye fimbo ya kuchomelea.

"Nzomo. Macho."

Fundi wa kuchomelea hahoji onyo hilo la mwanga. Nzomo alifumba.

Brandon aligeuka.

Amondi aligusisha fimbo kwenye chuma, mwanga wa buluu ukalipuka usoni pake. Risasi moja ilitoboa bati. Amondi alimpiga kifundo cha mkono kwa nondo, akamlaza chini, akamfunga pingu. Dakika sita baadaye gari la Probox jeupe lilisimama nje, watu wawili wa Kilele wakambeba.

Nzomo aliitazama bastola ya Ceska iliyokuwa kiunoni mwa jirani yake.

"Wewe ni nani?"

"Amondi."

Alimweleza yote: ncha, kumi, kinasa sauti. Alisema akitazama chini, kwa sauti ndogo.

Nzomo aliitoa tepu mshipini polepole.

"Nikirudi home naivua naiweka kitandani. Kalekye ananiambia mambo yake. Hiyo pia ulisikia?"

"Nilikuwa nazima."

"Kila siku?"

Kuna jioni Amondi alimsikia akimwambia mkewe kwamba Eve ana roho safi. Jioni hiyo hakuzima.

Nzomo alimwekea Stanley kiganjani, akaenda kwenye msumari ukutani, akatungua tepu yake ya zamani.

"Hii inadanganya pia," alisema. "Lakini najua inadanganya kwa kiasi gani."

Akainamia paipu, akaanza kupima kwenye kumi.

Amondi alivaa miwani yake ya jua, akatoka. Alipita kando ya Probox bila kumtupia Brandon jicho. Barabarani watu walikuwa wamesimama wakipiga picha za ncha mpya iliyong'aa upande wa mjini. Hakuinua kichwa. Aliwasha Boxer, akaondoka taratibu.

Kidude cha sikio la kulia kilikuwa bado wazi. Tepu ikiwa mfukoni mwake, alichosikia ni pumzi zake mwenyewe.