Kikombe cha Saba

Jumanne, tarehe 14 Agosti. Kulikuwa na manyunyu asubuhi hiyo, na ukungu ulikuwa umeganda kwenye vioo vya banda la miche.

Saa mbili kamili, sauti ilisema ndani ya sikio la Sindano.

"Kituo kwa Sindano. Tumenasa ujumbe wao. 'Zambarau inasafiri leo. Haitabebwa mkononi.' Umepokea?"

"Nimepokea."

"Uko wapi?"

"Nadeki."

Sindano alikuwa jasusi aliyewahi kuvuka mipaka mitatu kwa miguu. Wiki hii alikuwa mfagizi wa kituo cha utafiti wa mbegu. Ndani ya mpini wa fagio kulikuwa na kamera. Chini ya matambara ya kudekia, bastola, Glock 19.

Alikuwa analinda nyanya.

Zilikuwa za zambarau mpaka ndani ya nyama yake, na lishe yake ilizishinda nyekundu kwa mbali. Mtafiti wake, mama mfupi ambaye wote walimwita Dada Kibano, alikuwa amezichavusha kwa kibano miaka kumi na mmoja, ua kwa ua. Mbegu zilikuwa hazijasajiliwa bado. Wageni waliotuma ujumbe ule wakizipata leo, wangezisajili kwa jina lao, na mkulima angekatazwa kupanda mbegu iliyozaliwa kwake.

Saa nne, waonjaji wanane waliketi kwenye vibanda vyao chini ya taa nyekundu, ili rangi isiudanganye ulimi. Kanuni ilikuwa moja. Tafuna, tema kikombeni, sukutua. Kumeza ni marufuku.

Kumwaga vikombe ilikuwa kazi ya Sindano.

Mate. Ute. Maganda yaliyotafunwa. Joto la vinywa vya watu.

Ee Mungu, aliomba kimoyomoyo, nipe tumbo la jiwe.

Kikombe cha kwanza, mbegu. Cha pili, mbegu. Kila alichokimimina kwenye ndoo kilikuwa na mbegu.

Cha saba kilikuwa na maji matupu.

Haitabebwa mkononi.



"Kituo, mtu akimeza mbegu za nyanya, zinatoka nzima?"

"Subiri." Vidole viligonga kibodi. "Zinatoka, na zinaota vizuri tu. Kwa nini?"

"Kama mnakula, acheni."

Kibanda cha saba kilikuwa kitupu. Mwonjaji wake alikuwa mume wa mdogo wake Dada Kibano, shemeji aliyekuja kulia mlangoni mpaka akapewa kazi.

Sindano alikimbia na ndoo yake. Ukumbi. Banda la miche. Mlango wa nyuma.

Gari, Noah nyeupe, lilikuwa linanguruma. Shemeji alikuwa na mguu mmoja ndani. Kwenye kiti cha nyuma aliketi mgeni mwenye glavu, na miguuni pake kulikuwa na choo cha plastiki na chujio jipya, bado limo kwenye nailoni yake.

Sindano alikuwa ameona wezi wa dhahabu na wezi wa pembe. Hawa walimtia kichefuchefu.

"Simama!"

Dereva alikanyaga mafuta, shemeji akadondoka topeni.

Ndoo iliruka. Mate ya waonjaji yalitandaa kwenye kioo cha mbele. Dereva aliwasha waipa, ikayapaka vizuri zaidi, na Noah ikabamiza tangi la maji.

Glock ilitoka matambarani. Glavu zikapanda juu.

Waonjaji walitoka mbio na aproni zao. Dada Kibano alikuwa mbele, kibano bado kiko mkononi.

"Dada, nisikilize," shemeji alisema, magoti kwenye tope. "Waliniambia ni tunda tu. Kula si kuiba."

"Ungelila kwa njaa nisingesema neno." Alimwelekezea kibano. "Nilikupa kiti mezani kwangu, shemeji. Ukakigeuza choo."

Mwonjaji mmoja aligeuka akatapika.

"Kituo," alisema Sindano, "wahusika watatu mkononi. Mmoja mleteeni beseni."

"Beseni la nini?"

"Mtaelewa."

Dada Kibano alimtazama. "Mwanangu, mbegu zangu zitatoka kesho. Nani ataziosha?"

"Mimi usafi nimeacha, mama." Sindano aliegemeza fagio ukutani, akanawa mikono kwenye maji ya tangi, mara tatu, akaelekea getini.

Nyuma yake macho yote yalimgeukia mtu aliyepiga magoti. Shemeji alinong'ona kitu.

"Kwa sauti," alisema Dada Kibano. "Wote hawa wasikie."

"Nitaziosha mimi! Moja moja, kwa mikono hii hii, bila glavu. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote!"