Mbuzi wa Macho ya Kaelo

Kila Jumamosi Nkoile aliosha vyombo vya Mama Hildegarda, mwenyeji wake na mpishi wa nyumba ya wageni pale Mikumi, kisha alikaa barazani peke yake kutazama malori ya Iringa. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuja mjini kusoma, na Kimaasai alikisikia kwenye simu ya baba tu.

Siku moja baba alimpigia. Macho ya Kaelo, mdogo wake, yalikuwa yanatoa usaha, na gari la shirika la afya lilikuwa halijafika bomani kwao. Mzee Tipis, jirani yao, alikuwa amelichangia shirika mbuzi. "Huyo ni mbuzi wa macho ya mtoto," mzee alisema alipomtoa. Kwao, mnyama akitolewa kwa jambo fulani, haendi kwenye jambo jingine.

Nkoile alikwenda kwenye ofisi ya shirika. Ukutani palibandikwa karatasi ya michango na matumizi. Alisoma: "Mbuzi wa Mzee Tipis, ameuzwa mnadani. Fedha zake zimenunua tairi."

Darasa lao lilikuwa likilichangia shirika hilo. Jumatatu Nkoile aliwaambia wenzake kwamba michango inaliwa.

"Basi mimi sitoi hata mia!" alisema Alfred. Wengine nao wakakataa.

Jioni alipishana na nesi Costancia wa shirika, asimwamkie.

"Nkoile, leo hata shikamoo hakuna?"

"Mmekula mbuzi wa Kaelo!" Machozi yalimtoka.

Costancia akajibu, "Jumamosi twende kwenu. Nahitaji mtu wa kunitafsiria."

Walipita kwenye tope kwa gari la shirika mpaka bomani. Costancia akampaka Kaelo dawa, akamwonyesha mama namna ya kuendelea.

"Dawa hizi tulipewa bure," alisema. "Zimekaa kabatini wiki tatu. Tulichokosa ni tairi."

Nkoile alitafsiri kwa sauti ndogo. Mzee Tipis akatazama gurudumu lenye matope.

"Basi mbuzi wangu amefika," alisema.

Wakati wa kurudi Nkoile aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Sista."

"Kuuliza mchango umekwenda wapi ni haki yako, ndiyo maana tunabandika karatasi. Hata sisi tulipaswa kueleza tairi ni la nini. Ila usimwite mtu mwizi kabla hujamuuliza. Kwa neno lako, mgonjwa mwingine angeweza kukosa gari."

"Wakinicheka darasani?"

"Watacheka. Waambie hivyo hivyo."

Jumatatu alisimama mbele ya darasa. "Nilisema nisilolijua," alianza, akaeleza yote.

Kisha Alfred akauliza, "Kwa hiyo mmesafiri juu ya mbuzi?"

Darasa likaangua kicheko. Nkoile akacheka pamoja nao, na Alfred akamsogezea nafasi kwenye dawati.