Majina Tu, Wataelewa Wenyewe

Kicheko kilimfikia kwanza, kutoka nyuma ya magunia ya vitunguu katika soko la Kongowea. Sufyan alikijua. Huanza juu, kikakatika, kisha kikarudi na mkwaruzo mdogo kooni. Siku kumi hakuwa amekisikia.

Akachungulia. Kulthum alikuwa ndani ya buibui lenye nakshi za zambarau mikononi. Kando yake, Riyadh, mtoto wa ami yake, alimbebea kikapu huku akimpokeza chupa ya ukwaju aliyokuwa akinywea mwenyewe. Kulthum akainywa vilevile, bila hata kuipangusa mdomo.

Moyo wa Sufyan ukawaka kama kifuu.

Watatu hao walikuwa wakitunga mpangilio mmoja wa data za matangazo ya vifo, ili tangazo likiandikwa Kisauni, simu ya mtu wa Likoni ilisome papo hapo. Sufyan aliutaka mwepesi: marehemu, mskiti, wakati wa maziko, majina ya wafiwa, basi. "Majina tu," alisema, "watu wataelewa wenyewe." Kulthum alishikilia kila mfiwa atajiwe uhusiano wake na marehemu kutoka orodha maalumu, na faili lenye pengo lirudishwe. Riyadh akamuunga mkono Kulthum. Kushindwa na mpenzi Sufyan angekuvumilia. Kushindwa mbele ya binamu wa Kulthum, ambaye kwa desturi ya kwao ndiye wa kwanza kufikiriwa posa ikitajwa, hakukuweza. Akaondoka, akazima simu.

"Salamu, maarusi," alisema sasa, akijitokeza.

Kulthum aligutuka. "Sufyan! Simu yako ni nzima, au tuitangazie maziko?"

"Mna haja gani ya simu yangu? Naona mmepatana hadi chupa."

"Tumepatana tangu utotoni," Riyadh akajibu.

"Sikukuuliza wewe, bwana orodha."

"Una wivu, we mwanamume?" Kulthum akauliza.

"Mimi? Wivu wa nini? Oaneni, mzae, na watoto wenu muwape fomu wajaze kabla ya kunyonya!"

Mwanatabu, muuza vitunguu, alicheka hadi akashika mbavu. Riyadh hakucheka.

"Astaghfirullah. Nilipozaliwa mama aliugua, Sufyan. Mamake Kulthum ndiye aliyeninyonyesha, mwaka mzima. Huyu ni dada yangu wa kunyonya. Kwangu ni haramu kama dada wa tumbo moja."

Sufyan alihisi masikio yakimwaka moto. "Mbona hukuniambia?" alimuuliza Kulthum.

"Uliniuliza? Si wewe uliyesema majina tu yanatosha? Haya, uliona majina mawili, langu na lake. Ulielewa nini?"

Pigo lilifika pake. Lakini kiburi hakikosi neno.

"Na orodha yako je? Mke, mtoto, ndugu, binamu. Riyadh akifa leo, mama aliyemnyonyesha utamweka wapi?"

Kulthum aliihesabu orodha kwa vidole. "Hana mahali," alisema polepole. "Faili lingemkataa. Mama yangu mwenyewe!"

"Basi kila mtu autaje uhusiano kwa maneno yake."

"Ila asiuache wazi. Akiuacha, faili lirudi."

"Lirudi," Sufyan akakubali, na neno hilo halikuwa chungu kama alivyoogopa.

Kulthum hakutabasamu. Sauti yake ilishuka. "Siku kumi. Nimelala na simu kifuani kama mjinga."

"Niwie radhi, muhibu wangu. Wivu umenila."

"Umenila mimi pia. Nilidhani umepata mwingine, asiyekubishia."

"Yuko wapi huyo? Nimezoea kubishiwa."

Hapo mkwaruzo ule wa kooni ukataka kutoka, Kulthum akauziba kwa ncha ya mtandio. Sufyan akamgeukia Riyadh, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemtakia mabaya siku kumi nzima, akachukua kikapu mkononi mwake, na kusema kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza nazi:

"Shemeji, Ijumaa baada ya Alasiri baba yangu atabisha mlango wa mama yenu, na barua ya posa mkononi. Wallahi, nitakuwa nyuma yake."