Abiria wa Koti la Buluu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa ya makaa ya mawe yanayoungua, nayo ilishuka kutoka darini mwa Desmond Ackersley saa nane mchana, ilhali treni zake ndogo za mfano, mia mbili na ushee, zote zilikuwa za umeme, na waya umechomolewa ukutani.

“We Desmond, unachoma nini huko juu?” mkewe Maureen aliuliza toka jikoni, akikohoa.

“Sichomi kitu! Funga mlango, unaniingizia vumbi.”

Miaka thelathini mjini Doncaster, Desmond alikuwa ameitumikia miungu ile ya bati. Aliiinamia kwa lenzi, akahesabu ribiti zake, vile vichwa vya misumari ya bati, na kila mwezi katika jarida la chama cha wakusanyaji akazihukumu treni za kale na za sasa kana kwamba kiti cha siku ya mwisho kimeachwa wazi kwa ajili yake. Hii imezidi nusu milimita: laana. Ile nembo yake imepinda: motoni. Ole wake mtu anayejua idadi ya ribiti za injini asijue mkewe alianza kukohoa lini!

Wiki mbili nyuma, katika soko la wakusanyaji ukumbini mwa kanisa, mjane mmoja, Bibi Enid Threlfall, alikuwa amemwuzia injini ya bati iliyoundwa kabla ya vita. Marehemu mumewe aliipaka kijani upya kwa mkono wake, akiwa kitandani, kazi yake ya mwisho chini ya jua.

“Niahidi hutaikwangua, mwanangu. Mkono wake umo humo.”

“Naahidi, mama.”

Jioni ileile aliilowesha katika dawa ya kuondolea rangi, akaisugua kwa mswaki mpaka rangi ya kiwandani ikachungulia. Kisha akaandika jaridani kwamba aliyeipaka alikuwa kipofu mwenye brashi ya kupakia uzio. Wenzake walicheka hadi machozi. Pumzi ya mwisho ya mtu, nao waliigeuza kichekesho cha kushushia chai.

Sasa, katika harufu ile ya makaa, injini iliyokwanguliwa iliondoka yenyewe. Ilizunguka reli, ikasimama kwenye stesheni ndogo ya mbao, ikaenda zake. Palipokuwa na sanamu saba za abiria, kila moja kama punje ya harage, zilibaki sita. Kesho yake saa nane, tano. Siku ya tatu pakaongezeka moja ambayo Desmond hakuiweka: mwanamke mwenye koti la buluu, mkono mdomoni.

Hakupiga kelele, wala hakumwita Mungu. Alichukua rula ya chuma akaipima.

“Kipimo sahihi kabisa,” alinong’ona, kwa wivu.

Lakini, nyingine zikitoweka moja moja hadi zikaisha, sanamu ile ikawa kila mchana inasogea upana wa kidole kuuelekea ukingo wa jukwaa la stesheni, na kila iliposogea Maureen alizidi kuwa baridi, mikono kwanza, kisha midomo, akikaa jikoni ndani ya koti lake la buluu na moto unawaka mbele yake bila kumfaa, mpaka Desmond, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu wala malaika, akakimbia barabarani na ndara miguuni kumwita Mchungaji Rhoda Beddoes.

Mchungaji, aliyekwisha kusimuliwa yote njiani, alipanda ngazi, akanusa, akashusha sauti.

“Hili jini hukulinunua, Desmond. Umeliita mwenyewe. Umevunja ahadi kwa mjane na ukamcheka maiti. Mlete Bibi Enid hapa kesho, utubu mbele yake kabla ya saa nane. Usijitetee hata kwa neno moja.”

“Ni hilo tu?”

“Kwako wewe, ndugu yangu, huo ni mlima.”

Kesho yake Maureen hakuweza kupanda. Alibaki kwenye kiti chini ya ngazi. Juu, Desmond alipiga magoti mbele ya Bibi Enid, mchungaji amesimama kando. Na hapa tusimnyime haki yake: alilia kweli, na mbingu hazidharau machozi, hata ya mpumbavu.

“Mama, nilikudanganya. Niliufuta mkono wa mumeo, kisha nikamtukana. Nisamehe.”

Kwa kila sentensi sanamu ilirudi nyuma, kidole, kidole tena, hadi ikagusa ukuta wa stesheni. Harufu ikapungua. Kutoka chini Maureen aliita, sauti yake ina damu tena: “Des! Vidole vyangu vinapata joto!”

Bibi Enid akamwekea mkono kichwani. “Nimekusamehe, mwanangu. Alikipenda sana kijani kile.”

Palihitajika kimya tu. Mtoto angeliweza. Lakini Desmond alifuta pua, akainua uso uliojaa machozi.

“Ingawa kwa haki, mama, kijani kile hakikuwa cha mwaka injini ilipoundwa.”

Mchungaji alifumba macho. Saa nane ilitimia; filimbi ikalia, nyembamba kama sindano, na treni ikaja kwa kasi, ikasimama, ikaondoka. Jukwaa lilibaki tupu.

Mchungaji Rhoda alishuka mbio. Desmond na Bibi Enid, waliobaki juu, walimsikia akiita jina la Maureen mara tatu. Mara ya nne hakuita. Alianza sala ya mazishi.